Nimefuta wanachama, mbona bado wapo? Amri ya DELETE kwenye Visual FoxPro

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni karani wa SACCOS ya walimu hapa Morogoro. Mfumo wetu wa wanachama uliandikwa kwa Visual FoxPro, programu ya Microsoft ya kutengenezea hifadhidata, na kijana ambaye siku hizi hapatikani. Mwezi uliopita niliagizwa niwaondoe wanachama waliojitoa. Nikafungua jedwali la wanachama lenye rekodi 4,200, nikatoa amri ya DELETE FOR kwa sharti nililopewa, nikaambiwa rekodi 610 zimefutwa. Lakini ukubwa wa faili haujapungua hata kidogo. Orodha ya wanachama haiwaonyeshi tena, ila ripoti ya michango bado inawataja. Na mwalimu mmoja aliyerudi nimeshindwa kumwandikisha kwa namba yake ya zamani, mfumo unasema namba hiyo imeshatumika. Jamaa kaniambia niandike PACK mambo yataisha. Niandike?

Jibu: Marahaba, dada. Usiandike PACK kwa sasa. Yote matatu uliyoyaona yana chanzo kimoja, na hujapoteza kitu: wanachama wote 610 bado wamo ndani ya faili pamoja na majina yao, namba zao na tarehe zao. Ukiandika PACK ndipo utakapowapoteza.

Kwenye faili za DBF, ambazo ndizo FoxPro inazotumia, DELETE haiondoi rekodi. Inaiwekea alama tu. Kila rekodi huanza na baiti moja ambayo huioni kwenye fomu wala ripoti. Rekodi ikiwa hai, baiti hiyo ni nafasi tupu, thamani 20 kwa hesabu ya heksadesimali. Ukitoa DELETE, nafasi hiyo hugeuzwa kuwa nyota, thamani 2A. Jina haliguswi, namba haiguswi, na ile idadi ya rekodi iliyoandikwa kwenye kichwa cha faili haipungui. Ndiyo maana ukubwa umebaki vilevile. Ukitaka kujionea, toa nakala ya wanachama.dbf uweke pembeni, uifungue nakala hiyo kwa Notepad. Baada ya herufi za ajabu ajabu za mwanzoni utaona rekodi zimepangwa moja baada ya nyingine, na zile ulizofuta zimetanguliwa na nyota. Funga bila kuhifadhi chochote.

Utaratibu huu una umri mkubwa kuliko FoxPro yenyewe. Unatokana na dBASE, ambayo mizizi yake ni programu aliyoandika Wayne Ratliff huko California mwishoni mwa miaka ya 1970 akiiita Vulcan, kisha kampuni ya Ashton-Tate ikaiuza kwa jina la dBASE II. Siku zile data ilikaa kwenye diski laini, nafasi ndogo na mwendo wa kobe. Kuondoa rekodi ya katikati kungelazimu kuzisogeza zote zinazoifuata. Kubadilisha baiti moja ni kazi ya papo hapo, na faida yake ya pili ni kwamba ukikosea unaweza kurudi nyuma. FoxPro, iliyotengenezwa na kampuni ya Fox Software ya Ohio, iliurithi utaratibu huo, Microsoft ikainunua kampuni hiyo mwaka 1992, na hadi Visual FoxPro 9 iliyotoka mwaka 2004 amri ni ileile na nyota ni ileile.

Wala usidhani ni mambo ya kizamani tu. Hifadhidata ya PostgreSQL ya leo, ukifuta safu, yaani rekodi, huiacha mahali pake ikiwa imeandikwa kwamba haitumiki tena, hadi amri ya VACUUM ipite baadaye kusafisha. InnoDB, sehemu ya hifadhidata ya MySQL inayotunza data, nayo huweka alama kwanza, kisha kazi ya nyuma ya pazia huja kufagia. Tofauti ni kwamba huko hifadhidata yenyewe inahakikisha huzioni safu zilizofutwa. Kwenye FoxPro jukumu hilo ni la mwandishi wa programu, na hapo ndipo ripoti yako ilipoharibikia.

Kinachoamua kama rekodi zenye nyota zionekane au zisionekane ni SET DELETED. Jina lake linawachanganya wengi, kwa sababu ON maana yake ni kuficha zilizofutwa na OFF maana yake ni kuzionyesha. FoxPro ikiachwa yenyewe huanza na OFF, yaani huonyesha kila kitu. Ikiwa ON, basi amri za kutazama, kuhesabu na kutafuta kama BROWSE, COUNT, SUM, LOCATE na hata SELECT ya SQL huziruka zenye nyota. RECCOUNT(), inayotaja idadi ya rekodi, haijali: huhesabu zote siku zote. Kwa hiyo ukikuta mahali kwenye msimbo panapoandika jumla ya wanachama kwa RECCOUNT(), jumla hiyo si sahihi tangu rekodi ya kwanza ilipofutwa. Pia ukienda moja kwa moja kwenye rekodi kwa namba yake, kama GO 215, utaipata hata ikiwa na nyota na SET DELETED ikiwa ON.

Sasa, kwa nini orodha inawaficha na ripoti inawataja? Kwenye Visual FoxPro mpangilio wa SET DELETED si wa programu nzima. Ni wa kipindi cha data (data session), yaani chumba ambamo fomu hufungulia majedwali yake kwa mipangilio yake. Fomu au ripoti ikipewa kipindi chake binafsi cha data, huanza upya na mpangilio wa kiwandani, yaani OFF, hata kama faili kuu ya programu ina SET DELETED ON kwenye mstari wa kwanza kabisa. Kosa hili nimelikuta kwenye mifumo mingi, na karibu kila mara mwandishi anaapa kwamba ameandika ON. Ameandika kweli, ila kwenye kipindi kingine. Fungua fomu inayotoa ripoti ya michango, angalia sifa yake ya DataSession. Ikiwa ni 2, yaani kipindi binafsi, umempata mchawi. Dawa ni kuandika SET DELETED ON kwenye tukio la Load la fomu hiyo, yaani msimbo unaotekelezwa fomu inapofunguliwa. Kama fomu zote zimetokana na darasa moja mama (kiolezo kimoja), andika kwenye darasa hilo mara moja, usiiguse kila fomu peke yake. Kuna mtego mwingine wa jamii hiyohiyo: mwandishi anaweza kuwa aliweka alama ya tiki kwenye dirisha la Options la kompyuta yake, na mpangilio huo ukabaki kwenye kompyuta hiyo tu. Kwake mfumo ulifanya kazi vizuri, kwenu haufanyi.

Angalia na uwezekano wa pili. Jedwali la michango ni jedwali lingine, lina rekodi zake, na kumwekea nyota mwanachama hakuziwekei nyota rekodi za michango yake, isipokuwa kama kanuni za uhusiano kati ya majedwali ziliwekwa zifanye hivyo. Kama ripoti inachukua jina kutoka kwenye jedwali la michango lenyewe, itaendelea kulitaja hata ukirekebisha SET DELETED. Na kama kanuni za uhusiano zilikuwepo, basi huenda michango ya watu wale 610 nayo imepata nyota bila wewe kujua. Hakikisha leo hii:

SET DELETED OFF
USE michango
COUNT FOR DELETED()

Ikirudisha sifuri, pumua. Isiporudisha sifuri, kumbuka hili: kumrudisha mwanachama hakurudishi michango yake. Itabidi uirudishe kwa amri yake.

Tuje kwa mwalimu aliyerudi. Faharisi ya ufunguo mkuu, ile inayozuia namba moja kutumika mara mbili, kwenye Visual FoxPro hukagua rekodi zote, zenye nyota na zisizo na nyota. Namba yake ipo tayari kwenye jedwali, kwa hiyo mfumo ukikwambia imeshatumika unasema kweli. Usimwandikishe upya kwa namba nyingine. Mrudishe:

SET DELETED OFF
USE wanachama
LOCATE FOR ALLTRIM(namba) == "0417"
? FOUND(), jina, DELETED()

Weka namba yake badala ya hiyo ya mfano. Ukiona jina ni lake kweli na majibu mengine mawili ni .T. (kweli), andika RECALL peke yake, na nyota inaondoka. RECALL bila nyongeza hugusa rekodi moja tu uliyosimama juu yake, sawasawa na DELETE. Ukitaka nyingi unaongeza FOR na sharti, au ALL. Hakikisha SET DELETED iko OFF kabla, la sivyo amri haitaziona hizo rekodi unazotaka izirudishe.

Zingatia zile alama mbili za usawa nilizoandika. Kwenye FoxPro, SET EXACT ikiwa OFF, ambayo ndiyo hali yake ya kawaida, alama moja ya usawa hulinganisha maneno hadi neno la kulia linapokwisha, basi. Ukiandika DELETE FOR namba = "12", utaweka nyota kwa 12, kwa 120, kwa 1245 na kwa kila namba inayoanza na 12. Hujaniambia sharti ulilopewa lilikuwa lipi, nami jambo hili linanipa wasiwasi kuliko mengine yote kwenye swali lako. Je, waliojitoa ni 610 kweli? Nenda kwenye daftari la barua za kujitoa au muhtasari wa kikao kilichoidhinisha, uhesabu. Ikiwa karatasi zinasema watu 540 na mfumo unasema 610, una walimu 70 ambao akiba yao haionekani kwenye orodha, na wao hawajui. Kuanzia sasa, kabla ya DELETE FOR yoyote, toa kwanza BROWSE FOR kwa sharti lilelile, uwatazame kwa macho, ndipo ubadilishe neno la mwanzo.

Nirudi kwenye PACK. Amri hiyo huandika faili upya ikibeba rekodi zisizo na nyota tu, na zenye nyota hazirudi tena. RECALL haina cha kurudisha baada ya hapo. Faida yake ni nafasi kwenye diski. Tuipime kwako. Tuseme rekodi moja ya mwanachama ina baiti 250, ambayo ni makadirio ya kawaida kwa jina, shule, simu, tarehe na nyuga nyingine chache. Rekodi 610 mara 250 ni baiti 152,500. Hiyo ni chini ya picha moja ya simu. Kikomo cha faili ya DBF kwenye FoxPro ni gigabaiti 2, na jedwali lako zima lina kama megabaiti moja. Huna tatizo la nafasi, na huna sababu ya kuhatarisha vitabu vya SACCOS kwa ajili ya nafasi hiyo.

Wala PACK haitatibu ripoti yako. Itaiziba kwa muda, hadi siku utakapomfuta mwanachama mwingine, naye aanze kuonekana palepale.

Ninachokishauri kwa nguvu ni kutenganisha mambo mawili ambayo kwenye mfumo wenu yamechanganywa. Mtu aliyejitoa si rekodi ya kufutwa. Alikuwa mwanachama, alichangia, alikopa, alirudishiwa hisa zake, na mkaguzi akija miaka miwili baadaye atataka kuona hayo yote. Nyota ya DELETE ni ya rekodi ambayo haikupaswa kuwepo tangu mwanzo: mtu aliyeandikishwa mara mbili, rekodi ya majaribio, jina lililoingizwa kimakosa. Aliyejitoa anahitaji uga unaosema amejitoa, na uga mwingine unaosema lini. Nyota haina tarehe, haina sababu, haina jina la aliyeiweka. Taasisi inayotunza fedha za watu haiwezi kutegemea alama isiyojieleza.

Kwa hiyo, kwenye nakala kwanza, watu wote wakiwa wametoka kwenye mfumo:

SET DELETED OFF
USE wanachama EXCLUSIVE
ALTER TABLE wanachama ADD COLUMN hali C(1) ADD COLUMN tar_toka D
COUNT FOR DELETED()

Hapo simama utazame idadi. Ikizidi 610, zile za ziada zilifutwa zamani na kijana aliyeandika mfumo, na huenda ni makosa halisi ya uandikishaji ambayo hutaki yafufuke. Kwa hiyo usitumie DELETED() peke yake. Ongeza lile sharti lako la mwezi uliopita, ukishalihakiki kwa karatasi:

REPLACE hali WITH "H" FOR NOT DELETED()
REPLACE hali WITH "T" FOR DELETED() AND sharti lako
RECALL FOR hali = "T"

H kwa hai, T kwa aliyetoka. Mpangilio wa mistari hii una maana. Ukitanguliza RECALL, utakuwa umefuta kitu pekee kilichokuwa kinawatofautisha. Tarehe za kutoka utazijaza kwa mkono kutoka kwenye barua, kazi ya siku kadhaa, lakini ndiyo itakayokuokoa mbele ya mkaguzi. Baada ya hapo orodha ya wanachama na fomu za mikopo zinahitaji kuongezewa sharti la hali = "H", na ripoti za historia ziachwe zionyeshe wote. Kama huna anayeweza kugusa msimbo, acha hatua hii kwanza, ubaki na nyota hadi umpate. Kuwarudisha watu 610 kwenye orodha ambayo haijui kuwatenganisha ni kuongeza tatizo.

Wengine watakushauri uibadilishe faharisi ya namba iwe na kichujio cha NOT DELETED(), ili namba ya aliyefutwa iweze kutumika tena. Inafanya kazi. Mimi nisingefanya hivyo kwa namba za wanachama. Ukishampa mwalimu mpya namba ya mwalimu wa zamani, michango ya wote wawili ina namba moja, na hutaweza tena kuitofautisha kwa namba hiyo. Juu ya hayo, faharisi yenye kichujio haitumiwi na FoxPro kuharakisha utafutaji, kwa hiyo itabidi uweke ya pili isiyo na kichujio.

Siku moja utahitaji PACK kweli, pengine kwa jedwali linaloandikwa na kufutwa kila siku, kama lile la miamala ya muda. Ikifika, fanya baada ya saa za kazi. PACK hudai faili iwe yako peke yako, kwa hiyo kompyuta moja tu iliyosahaulika wazi kwenye chumba cha mhasibu itakuzuia. Nakili faili ya DBF pamoja na wenzake, CDX ya faharisi na FPT ya maelezo marefu, kwa sababu DBF bila FPT yake haifunguki vizuri. Nakala moja kwenye flashi, nyingine kwenye kompyuta tofauti. Kisha zitoe pembeni zile zinazokwenda kuondoka, kwa COPY TO waliofutwa FOR DELETED(), SET DELETED ikiwa OFF. Andika idadi kwenye karatasi kabla na baada: kwa mfano wako, 4,200 toa 610 lazima RECCOUNT() iseme 3,590. Usianze PACK kwenye kompyuta isiyo na UPS. Umeme ukikatika katikati ya uandishi upya wa faili, nakala yako ya flashi ndiyo mfumo wako. Namba za rekodi zitabadilika zote, kwa hiyo kama kuna mahali kwenye msimbo panapohifadhi RECNO(), yaani namba ya rekodi, kama utambulisho wa mtu, patavunjika. ZAP, ambayo utaikuta karibu na PACK kwenye vitabu, usiiguse kabisa: ni sawa na kufuta rekodi zote na kufanya PACK kwa pamoja.

Kuna hali moja ambapo nyota haitoshi kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani. Mtu wa namna hiyo ukimfuta kwa DELETE, jina lake na simu yake bado vinasomeka kwa Notepad, kama ulivyoona. Mwanachama aliyewahi kuwa na fedha kwenu ana kumbukumbu ambazo SACCOS inawajibika kuzitunza, hivyo suala lake lipelekwe kwa bodi na mwanasheria kabla ya karani kugusa kibodi. Lakini mtu aliyejaza fomu ya maombi akakataliwa, hana mchango wala mkopo, akiomba afutwe, basi kwanza futa maudhui yenyewe kwa amri ya BLANK juu ya rekodi yake, ndipo uweke nyota. Na ukumbuke kwamba yumo pia kwenye kila nakala ya flashi iliyomo kabatini.

La mwisho linahusu kuhama. Microsoft iliacha kuihudumia Visual FoxPro 9 Januari 2015, kwa hiyo siku moja bodi yenu itanunua mfumo mpya, na atakuja mtu kuchukua data. Karibu wote huanza kwa kuitoa kwenye CSV, faili ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato. Faili ya CSV haina ile baiti ya mwanzo. SET DELETED ikiwa OFF wakati wa kutoa, kila mwenye nyota atatoka kama mzima, na kwenye mfumo mpya hakutakuwa na alama yoyote ya kumtambua. Kaa naye mezani, mwambie aandike hivi:

SET DELETED ON
USE wanachama
COPY TO wanachama TYPE CSV

Kisha aweke SET DELETED OFF na atoe zenye nyota kwenye faili ya pili yenye jina lake, kwa FOR DELETED(), mbaki nayo ofisini.